Historia Inayoanzia Plotini

Mtoto wa miaka sita hawezi kuipima miaka 3,000 akilini, lakini shimo, jiwe na mchezo wa bao anavielewa vizuri. Ndiyo maana Hyrax Hill, kilima kilicho ng'ambo ya mji wa Nakuru ukitokea mtaa wa Kaptembwo, hufundisha kuliko orodha ya tarehe. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimbua hapo mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi na makazi ya kale. Vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani vingalipo. Mtoto akiviona, atauliza mwenyewe nani alicheza, na swali hilo ndilo mwanzo wa historia.

Wapo wanaosema Kaptembwo ni mtaa wa wapangaji, hivyo historia ya watoto iko ushago. Ushago una haki yake, kweli. Lakini watu wa nyakati mbalimbali walipokezana kilima kile, na mji wenyewe ulikua baada ya reli kufika mwaka 1900. Kuhamia ndiko kulikoijenga Nakuru. Nauli ya kwenda kilimani ikikosekana, mwalimu aanzie plotini: nani alitangulia kuhamia, maji yalichotwa wapi? Nyanya wa jirani anayajua hayo, na watoto wayachore daftarini angali yupo.