Umri Pekee Haumfunzi Dereva

Mwezi uliopita niliongoza mdahalo wa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Hoja ilikuwa kwamba umri wa chini wa kupata leseni ya kuendesha gari nchini uongezwe kutoka miaka 18 hadi 21. Nakiri kuwa niliketi pale mbele nikiwa tayari nimekwisha kuegemea upande mmoja.

Miaka miwili iliyopita nilihudhuria mazishi ya kijana niliyemfundisha. Alikuwa na umri wa miaka 19, na leseni yake haikuwa imetimiza miezi mitatu. Usiku wa mvua, akiendesha gari la mjomba wake, aliligonga lori lililokuwa limeharibika na kuachwa barabarani bila taa. Wahenga walinena kuwa ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wake ulikwenda usiku ule.

Waliounga mkono hoja walisema kwa ufasaha. Walieleza kuwa kijana hupenda kusifiwa na wenzake na hudhani kuwa mauti ni ya watu wengine. Aidha, walitukumbusha kauli ya Shirika la Afya Duniani kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani katika kuwaua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Niliafikiana nao kabisa.

Kisha akasimama msichana mmoja wa upande wa upinzani, akauliza: "Mwalimu, mtu ambaye hajawahi kuendesha gari usiku, akingoja nyumbani hadi atimize miaka 21, giza litakuwa limemfunza nini?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka marehemu. Alifunzwa mchana, akatahiniwa mchana. Alisukuma kigari kidogo juu ya ubao wenye mfano wa mji, akataja alama za barabarani, kisha akaendesha mwendo mfupi jua likiwaka. Hakuna aliyewahi kuketi naye garini gizani. Kama angalikuwa na miaka 21, lori lile lingalimkuta akiwa mgeni vilevile.

Wenzetu wa New Zealand waliling'amua jambo hili zamani. Mwaka wa 1987 walianzisha leseni ya hatua kwa hatua. Dereva mpya hufunzwa kwanza akiwa na msimamizi. Akifaulu, huruhusiwa kuendesha peke yake, lakini si kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala asibebe abiria wa kawaida bila msimamizi mwenye uzoefu. Mwaka wa 2011 waliongeza umri wa kuanza kujifunza kutoka miaka 15 hadi 16. Hata hivyo, hawakuziondoa hatua zile, kwani walijua kuwa umri na mazoezi ni mambo mawili.

Sipingi kuongezwa kwa umri, lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumeyaahirisha mazishi tu. Serikali na iweke sharti la mwaka mzima wa usimamizi, usiku na mchana. Wazazi nao, kabla ya kumkabidhi kijana ufunguo, waketi kando yake mvua inaponyesha. Nanyi wanafunzi, msione haya kukataa kupanda gari la rafiki aliyepata leseni juzi.

Siku ile niliwapa ushindi wapinzani.