Kiyoyozi Kinapoganda Barafu: Sababu, Athari na Hatua za Kuchukua

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako joto huambatana na unyevu mwingi, si ajabu kukuta barafu ndani ya kiyoyozi. Wengi hudhani ni ishara ya ubaridi mzuri, kumbe ni dalili ya hitilafu.

Mirija ya ndani ya kiyoyozi hupaswa kuwa baridi, lakini juu ya nyuzi 0 za Selsiasi. Kichujio kikijaa vumbi, au feni ikizunguka polepole, hewa ya chumbani haiifikii mirija hiyo ipasavyo. Gesi ya kupoozea ikivuja, shinikizo hushuka. Kwa vyovyote vile, mirija hupoa kupita kiasi na unyevu wa hewa huganda juu yake.

Barafu inapoyeyuka, maji huweza kudondoka ukutani na kuotesha kuvu. Kuvu na vumbi huweza kuchochea shambulio la pumu. Kwa hiyo, mhudumu wa afya anapompokea mgonjwa wa pumu anayebanwa kifua usiku, amwulize pia kuhusu kiyoyozi cha chumbani.

Zima ubaridi, uache feni pekee hadi barafu yote iyeyuke. Huenda ikachukua saa kadhaa. Usiibandue kwa kisu, usije ukatoboa mirija. Osha kichujio kwa maji na ukikaushe kabisa kabla ya kukirudisha, walau kila mwezi. Mwenye pumu asaidiwe kazi hiyo. Barafu ikirudi, mwite fundi atafute uvujaji. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni sawa na kutuliza homa bila kutibu chanzo chake.