Boti ya Naivasha Inaposhuka Pwani (2): Chumvi, Magadi na Tundu la Jeti

Chemsha mahindi na maharagwe kwa kipande cha magadi ndani ya sufuria ya aluminiamu, kisha mimina chakula uitazame. Pale maji yalipofika pamekuwa peusi, na weusi huo hautoki upesi hata ukisugua kwa majivu. Hakuna jiko la Nakuru lisiloijua alama hiyo. Naanza na sufuria kwa sababu sisi watu wa huku juu tumezoea kuyaita maji yote yasiyonyweka "maji ya chumvi", yawe ya Ziwa Bogoria au ya Bahari Hindi. Mwenye boti anayeihamishia pwani akilichukulia jambo hilo kwa mazoea, atanunua dawa isiyo ya ugonjwa wake.

Aluminiamu hujikinga kwa utando mwembamba wa oksidi usioonekana kwa macho. Utando huo hustahimili maji ambayo pH yake, yaani kipimo cha uasidi na umagadi, iko kati ya 4 na 8.5 hivi. Bahari iko karibu na 8.1, kwa hiyo utando unabaki mahali pake. Maji ya magadi ya Bogoria yanafika 10 na kupita. Hapo utando huyeyuka na chuma hubaki uchi. Bahari ina mbinu nyingine kabisa, nayo ni umeme.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka, lakini maji yake ni baridi kwa kuwa hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi zake. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na hupitisha umeme zaidi ya mara mia kuliko maji ya Naivasha. Vyuma viwili vya aina tofauti vikigusana ndani ya maji kama hayo, umetengeneza betri, na kile kilicho dhaifu ndicho huliwa. Kwenye ziwa letu betri hiyo imelala. Skrubu ya shaba inaweza kukaa ubavuni mwa aluminiamu muda mrefu bila ugomvi mkubwa. Kwenye hori la Kilifi ugomvi huanza msimu huohuo.

Dawa yake ni kafara. Mguu wa injini hufungwa kipande cha zinki ili kiliwe badala yake. Boti nyingi za maziwa ya maji baridi hufungwa magnesiamu, ambayo ina nguvu zaidi, lakini ukiiacha hiyo baharini itaisha upesi mno na huenda ikabambua rangi iliyo karibu nayo. Ing'oe, weka zinki. Na tafadhali usiipake rangi. Nasema hivi kwa aibu, maana boti yangu ya kwanza niliipaka mwenyewe, na kwa bidii ya mwalimu aliyestaafu nikaipaka na zinki, koti mbili za buluu, ikapendeza. Miezi minne baadaye zinki ilikuwa nzima kama siku ya kununuliwa, na mguu wa injini una vishimo kama uso wa aliyepona ndui. Zinki iliyovaa rangi haifanyi kazi yoyote.

Shaba ya manjano nayo ina hila. Ndani yake mna zinki, na bahari huinyonya zinki hiyo ikaacha kiunzi cha shaba laini chenye rangi ya waridi. Valvu kwa nje inaonekana imara, ukiigonga kwa nyundo inamomonyoka kama mkate wa juzi. Valvu zote zilizo chini ya mstari wa maji ziwe za bronzi au za plastiki ngumu ya kazi hiyo. Bolti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, si 304 ya masinki ya jikoni. Tofauti yake ni molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na tofauti hiyo huonekana kwa kutu kabla mwaka haujaisha.

Nyaya nitazipitia haraka. Mafundi wa ziwani hutumia waya wa gari, na ziwani waya huo unatosha. Pwani, unyevu wa chumvi hutambaa chini ya mpira hadi shaba igeuke unga wa kijani. Ng'oa zote, weka nyaya zilizopakwa bati.

Kuhusu mwili wa faiba, tuliyaona mengi juma lililopita, ila jambo moja lahitaji kurudiwa kwa sababu linapinga tunavyodhani: maji baridi huiumiza faiba kuliko maji ya chumvi. Maji hupenya kwenye jelikoti, ile ngozi ya nje ya faiba, yakifuata kemikali zilizobaki ndani, na kadiri maji ya nje yasivyo na chumvi ndivyo yanavyovutwa zaidi. Ndiyo maana boti iliyokaa ziwani miaka kumi na mitano huwa na malengelenge chini ya tumbo. Toboa moja kwa ncha ya kisu. Majimaji yanayotoka yananuka siki. Yachimbe malengelenge yote, osha, kisha acha boti ikauke majuma mengi kabla ya kupaka epoksi. Kazi hiyo ifanyie huku Bonde la Ufa, Januari au Februari, upepo ukiwa mkavu. Pwani hewa yenyewe ina maji, utangoja hadi uchoke.

Rangi ya mwisho chini ya mstari wa maji ni ile yenye shaba, inayofukuza viumbe vya magamba. Mabaharia wa Lamu walipaka deheni, chokaa iliyokandwa kwa mafuta, na kazi ilikuwa hiyohiyo. Lakini shaba na aluminiamu, kama tulivyoona, hawalali nyumba moja: acha upana wa kiganja bila rangi hiyo kuzunguka mguu wa injini.

Sasa injini, ambako hasara kubwa hutokea na ambako wanunuzi wengi hawatazami kabisa. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo pale Karagita, kando ya ziwa, mashine ya farasi 40 inafanya kazi kama ya 32 au 33. Isitoshe, hewa ikiwa nyepesi, petroli inazidi: moshi mwingi, plagi nyeusi. Fundi mzuri wa Naivasha huitoa jeti ya kabureta, yaani kile kijiskrubu cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli, akaweka yenye tundu dogo. Hajakosea. Ameitengeneza mashine kwa hewa ya kwao.

Mimi niliishusha mashine yangu ya namna hiyo pwani bila kuuliza. Ilikwenda vizuri, hata kwa furaha, dakika ishirini hivi. Ikapandisha mlio mwembamba, ikakwama. Fundi wa Mtwapa aliyeifungua alinionyesha pistoni yenye michubuko iliyoyeyuka ubavuni, kisha akaichomoa jeti na kuielekeza kwenye jua.

"Mwalimu, mashine yavuta pumzi za pwani, lakini yanyweshwa kwa mrija wa bara."

Hewa nzito ya pwani iliingia kwa wingi, petroli ikawa haba, na mchanganyiko mwembamba huwaka kwa joto kali. Kwenye injini za tuistroki za kuchanganya kwa mkono, mambo yanazidi: oili hupita tundu lilelile pamoja na petroli. Ukiipunguzia petroli umeipunguzia na oili, saa hiyohiyo inapopata joto. Jeti yenyewe ni bei ya nyama kilo moja au mbili. Pistoni, silinda na siku za fundi sitazitaja, mke wangu husoma gazeti hili.

Rafadha pia ibadilishwe. Ya ziwani huwa na mkato mfupi, yaani umbali inaosogea kwa kila mzunguko, ili injini iliyopungukiwa nguvu iweze kuzunguka. Pwani itazunguka kupita kiasi. Kila inchi moja ya mkato unayoongeza hushusha mizunguko 150 hadi 200 hivi kwa dakika. Jaribu mbili, za kuazima ikiwezekana, kabla ya kununua.

Kuna kinyume cha safari hii ya ziwani hadi baharini kilichowahi kutokea hapa kwetu. Kati ya 1937 na 1950 ndege za majini za safari ya Southampton hadi Afrika Kusini zilitua Naivasha. Vyombo vya aluminiamu vilivyotoka kwenye chumvi vikaja kuoga maji baridi katikati ya viboko. Boti yako haitapata bahati hiyo, kwa hiyo iogeshe wewe. Kila urudipo, funga bomba la maji matamu kwenye injini, iache ingurume taratibu dakika kumi au zaidi hadi chumvi itoke kwenye njia za kupozea. Baada ya safari ya tatu fungua plagi. Ikiwa nyeupe, jeti bado ni ndogo. Ikiwa nyeusi, umepita. Unachotafuta ni rangi ya chai iliyopata maziwa ya kutosha.

Juma lijalo: paa la turubai la watalii, upepo wa kusi, na ukaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya.