Kwa Nini Dozi ya Tezi ya Shingo Hubadilika

Juzi baada ya hitima dada mmoja wa jumuiya yetu alinivuta pembeni, akafungua mkoba na kunionyesha visanduku viwili vya levothairoksini. Kimoja kimeandikwa mikrogramu 100, kingine 75. "Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "daktari amenipunguzia dawa. Ndiyo wanabana matumizi kwa sisi wageni?" Sikumcheka. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaza hivyo hivyo.

Tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo kwa umbo la kipepeo, hutoa homoni zinazoamua mwendo wa mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, hata choo. Ikidhoofika, mtu huchoka, ngozi hukauka, naye huhisi baridi kuliko wenzake (na sisi hapa Uingereza hukimbilia kulaumu hali ya hewa). Levothairoksini haiji kuua ugonjwa kama dawa ya malaria. Hushika nafasi ya homoni ambayo tezi imeshindwa kuitoa. Tezi nzima hupokea amri kutoka kwa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo hutuma homoni iitwayo TSH. Kidonge hakipokei amri. Ndiyo maana daktari hupima damu: kwa kawaida TSH ikipanda, dawa haitoshi, ikishuka mno, dawa imezidi.

Mahitaji hayo hayakai mahali pamoja. Wengi wetu tuna maradhi aliyoyaeleza daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi. Mwanzoni tezi bado hutoa homoni kidogo. Miaka ikipita huzidi kuchoka, na dozi huongezwa. Mtu akinenepa au akikonda sana, hesabu hubadilika. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu huizuia dawa isifyonzwe, hivyo vitenganishwe nayo kwa saa nne. Kahawa nayo isubiri nusu saa au zaidi. Atumiaye rifampisini kwa kifua kikuu huenda akahitaji dozi kubwa zaidi. Wanaofunga Ramadhani wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, wapange saa ya kumeza tumbo likiwa tupu, kwa mfano nusu saa kabla ya daku.

Juu ya ujauzito sitapita haraka. Katika miezi ya kwanza mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama yake kwa ukuaji wa ubongo, na mahitaji ya mama hupanda mapema, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi. Binti anayetumia dawa hii akijua ni mjamzito, asingoje miadi ya mkunga. Apige simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Akishajifungua, kwa kawaida hurudishwa kwenye dozi yake ya awali.

Uzee huelekea upande wa pili: mwili huitumia homoni polepole, na dozi iliyokufaa ukiwa na miaka arobaini huweza kukuzidi ukiwa na sitini. Hapo ndipo nilipokosea. Nilipopunguziwa niliona nimedhulumiwa, nikawa naongezea kwa siri vidonge vya zamani nilivyovihifadhi kabatini. Haukupita muda, moyo ukaanza kwenda mbio usiku bila mpangilio, na mume wangu akaita gari la wagonjwa. Dawa ikizidi kwa muda mrefu huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa wanawake waliokwisha koma hedhi. Kwa sababu hiyo hiyo, msiwapelekee wazee nyumbani vidonge vyenu ndani ya masanduku, hata kama nao wana tezi.

Kuhusu gharama, dada yule nilimtuliza. Hapa Uingereza mwenye tezi iliyodhoofika na anayehitaji dawa hii ana haki ya cheti cha msamaha, asilipie dawa yoyote aandikiwayo na daktari. Fomu huombwa kwa daktari wa mtaa, na cheti hudumu miaka mitano.

Dawa hii hukawia mwilini, nusu yake ikichukua takriban wiki moja kutoka, hivyo damu hupimwa wiki sita hadi nane baada ya dozi kubadilishwa. Dada amekubali kumeza za 75 na kurudi kupimwa wiki ya sita. Kisanduku cha 100 tulikipeleka pamoja kwa mfamasia.