Shanga Zinalipa Nauli ya Usaili

Kutafuta kazi kunataka mtaji, ila hilo huambiwi. Utaambiwa tuma maombi, piga goti, usikate tamaa. Hakuna anayekutajia hela ya kopi, ya wakili, ya bando, ya picha za paspoti, wala nauli ya kwenda Posta kumkabidhi bahasha mlinzi ambaye hatakuvusha geti. Mwenye mshahara haoni uzito wa gharama hizo. Asiye nao anafika katikati ya mwezi kazi hajaipata na hela ya unga imeishia steshenari.

Nazungumza kama mtunza stoo. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa stoo ya hoteli moja ya ufukweni, kuhesabu mashuka, sabuni na trei za mayai, hadi mkataba ulipoisha na mwingine usije. Ninaishi Mbezi Beach. Naomba msomaji wa mikoani asituchanganye: stendi kubwa ya mabasi, ile ya Magufuli iliyofunguliwa 2021, iko Mbezi Luis kwenye Barabara ya Morogoro, siyo huku kwetu Barabara ya Bagamoyo. Hukosi kumkuta mtu kituo chetu cha Africana na begi lake anauliza basi la Dodoma, na bodaboda wanamtazama kwa furaha. Wala Mbezi Beach siyo kuta ndefu na maua peke yake. Nyuma ya kuta kuna vyumba vya uani, na humo tumo wapangaji wenye vyeti kwenye bahasha ya kaki na umeme wa kununua kwa buku mbili mbili.

Ninachouza ni hereni za kitenge na shanga, ufundi nilioanza chuoni kwa kujipamba mwenyewe. Watu hudhani kazi za mikono haziwezi kukutia hasara kwa kuwa ni ndogo. Zinaweza sana. Nenda Kariakoo na elfu hamsini bila karatasi ya mahitaji, uingie maduka ya urembo, uone shanga zilivyopangwa kuanzia nyeupe hadi zambarau. Utatoka na pakiti za kila rangi, na ukifika nyumbani utakuta huna hata jozi moja ya vindoano vya kuningʼinizia. Kwa lugha ya stoo huo ni mzigo uliolala. Hela yako imelala ndani ya kopo, na steshenari hawapokei shanga.

Kwa hiyo shanga zangu nimezifungulia kadi kama nilivyokuwa nafanya kwa mashuka. Kila aina ina ukurasa wake kwenye daftari: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kiwango ambacho kikifikiwa ndipo naruhusiwa kununua tena. Vindoano vikishuka hadi jozi 20, nanunua. Shanga nyeusi ndogo zikifika nusu kopo, nanunua. Za zambarau hazina kiwango kwa sababu sizigusi mpaka nipate oda. Mteja wa zambarau hutokea msimu wa sare za harusi na kicheni pati, na huyo namtaka alipe nusu kwanza.

Kitenge chenyewe sinunui. Fundi cherehani wa jirani huwa na kiroba cha vipande vinavyobaki baada ya kukata magauni, na kwake vipande hivyo ni takataka za kufagia jioni.

"Fundi, vipande vya jana vipo?"

"Vipo, dada. Ila leo usije mikono mitupu."

Siji mikono mitupu. Siku nyingine namletea vitumbua, siku nyingine nakaa nusu saa namshonea vifungo vya sare za shule. Wanaotaka vitambaa vizito vya pochi na mikoba wanajua njia ya Keko, Temeke, kwa mafundi sofa, ambako masalia yapo kwa magunia.

Nyuma ya kitenge kuna kadibodi ya boksi la viatu. Nakata miduara miwili, naubandika mmoja juu ya mwingine huku nyuzi za kadibodi zikipishana, halafu naweka ndoo ya maji juu yake usiku kucha. Bila hivyo hereni inajikunja kama kaukau ikipata joto la Dar. Gundi ni ile nyeupe ya maseremala. Inauzwa kopo zima kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na kopo hilo moja linafanya kazi ya vichupa vingi vya maduka ya urembo. Ikiwa nzito inabandika. Ukiizimua kwa maji kidogo unapaka juu ya kitenge, ikikauka inakuwa angavu na pindo haliachii nyuzi. Uzi wa shanga ni mshipi wa kuvulia samaki, na Kunduchi kwa wavuvi ni pua na mdomo.

Hesabu ya jozi moja basi: vindoano shilingi 100, shanga 150, gundi 50, kikadi cha kutundikia 50. Jumla 350. Kwa saa moja natoa jozi nne. Rejareja nauza 2,500, kwa jumla 1,800, na anayeomba nimuuzie 1,000 kwa kuwa "ni vitambaa tu" namjibu kwa heshima kwamba vitambaa tu viko kwa fundi, akachukue bure.

Ukitaka mfano wa ubahili uliozaa kitu kikubwa, uko Kinondoni hapa hapa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa 1932, alipita mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mwingereza mtumishi wa serikali, na baadaye vibarua vya hapa na pale. Alipoanza kuchora, karibu 1968, hakununua turubai wala rangi za wasanii. Alichora kwenye vipande vya mbao bapa za dari, kwa rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli, na picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wazungu waliokuja kununua mboga. Ule mng'ao ambao leo watalii wanausifu ulitokana na rangi ya bei rahisi. Alifariki 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na wanafunzi wake wakaendelea. Ushirika wao ulisajiliwa 1990. Ninachokipenda mimi kwenye habari hii ni kwamba malighafi alizifuata dukani kwa fundi baiskeli, na soko akalifuata walikosimama wenye hela. Vitu viwili hivyo wengi wetu tunavigeuza: tunanunua kwenye maduka ya urembo na tunauziana sisi kwa sisi.

Sasa upande wa pili wa daftari. Nimeligeuza kichwa chini, nikaanza kuandika kutoka nyuma: gharama za kutafuta kazi. Kila jozi inayouzwa inatoa shilingi 1,000 ya huko nyuma kabla sijala. Ya dharura inaingia kwenye kibubu cha bati ambacho hakifunguki bila kupasuliwa, kwa sababu hela ya kwenye simu ina miguu. Nacheza pia mchezo na akina mama wa mtaani, lakini mchezo una zamu, na tangazo la usaili haliangalii zamu yako. Kwa hiyo zamu ya mchezo naipangia kitu kinachoweza kusubiri, kwa mfano viatu vyeusi. Kibubu ndicho cha safari.

Kabla hata ya kutuma barua moja, dai vilivyo vyako kwa mwajiri uliyemaliza naye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka akupe cheti cha utumishi mkataba ukikoma. Wengi wanaondoka kwa hasira au kwa aibu bila kukiomba, kisha mwaka unaofuata wanaulizwa uthibitisho wa uzoefu. NSSF nako kuna fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake anaweza kulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Dada mmoja niliyefanya naye kazi alishangaa kusikia hivyo akiwa amekwishauza friji.

Vyeti ndivyo vinavyokula hela kuliko vyote, na ndipo mpango unapookoa zaidi. Kazi za serikali zinaombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kuomba ni bure. Unahitaji namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya taaluma vilivyothibitishwa na wakili, maelezo binafsi yenye namba ya simu inayopatikana, wadhamini watatu, na barua iliyosainiwa. Zile karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe. Thibitisha nakala kadhaa kwa mkupuo, maana mawakili wengi wanakulegezea bei ukipeleka fungu. Ukitoka hapo skani zote siku hiyo hiyo, kila cheti faili lake la PDF, na ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Anayeskani upya kila tangazo likitoka anamjengea nyumba mwenye steshenari.

Halafu panga vyeti vyako vyote mezani usome jina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha sekondari Mwanahamis, NIDA wameongeza jina la babu. Nyumbani ni mtu mmoja, kwenye usaili ni watu watatu. Kinachotakiwa ni hati ya majina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na haipatikani asubuhi ya usaili. Ianze wakati huna haraka, ukiwa na hereni za kuuza.

Waongo wapo pia. Ujumbe unakuja: umechaguliwa, tuma elfu thelathini ya fomu na sare. Hakuna kazi inayouzwa kwa namba ya simu. TaESA, ofisi ya serikali inayowaunganisha watafuta kazi na waajiri, haikutozi kitu kukusajili, na Sekretarieti ya Ajira haijawahi kuhitaji "ya maji" kutoka kwako. Niliwahi kumwonyesha mama mmoja jirani ujumbe kama huo aliotumiwa mwanawe. Akasoma, akasema, "Mwanangu, hawa ni wale wale wa ile hela tuma kwenye namba hii." Ndio wenyewe, mama.

Muda unaobaki kati ya maombi na majibu nao una matumizi. Katika fani yangu mfumo wa ununuzi wa serikali ulibadilika 2023, NeST ikachukua nafasi ya TANePS, na mtunza stoo asiyeufahamu ataonekana wa zamani hata akiwa na miaka 28. Kwa hiyo asubuhi, kabla jua halijachoma bati, nasoma. Mchana nakata kadibodi. Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ina mitihani na ada zake, na hizo ada nazo zina ukurasa kule nyuma ya daftari.

Mwaliko wa usaili ukitoka, soma tangazo mpaka mwisho, kuna mstari ambao watu huuruka: kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Usaili wa kuandika siku hizi mara nyingi unafanyika mikoani tulipo. Wa mahojiano unaweza kukupeleka Dodoma. Treni ya SGR ilipoanza safari za huko 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa 31,000 kwenda tu. Ongeza kurudi, gesti ya usiku mmoja, chakula na nauli ya asubuhi. Kibubu changu kilipasuliwa kwa ajili hiyo.

Kwenye chumba cha usaili waliniuliza jambo ambalo nililijibu kwa daftari la shanga. Mjumbe mmoja, baba wa makamo, alitaka kujua nafanya nini tangu mkataba uishe. Wengi swali hilo huwashusha mabega. Nilimwambia: naendesha stoo. Nikaeleza kiwango cha chini cha vindoano, kwa nini shanga zilizotangulia kuingia ndizo zinazotangulia kutoka, maana rangi za mafungu mawili hazilingani ukizichanganya kwenye jozi moja, na jinsi gharama ya jozi ilivyoshuka nilipohamia gundi ya maseremala. Akauliza hesabu ya mzigo naifanya lini. Kila Jumamosi jioni, nikamjibu. Mwenzake akatazama masikio yangu, akaandika kitu.

Nje, kwenye viti vya plastiki, tulikuwa wengi tukisubiri kuitwa, wanawake kwa wanaume, kila mtu na bahasha yake. Binti mmoja kutoka Singida alinisogelea kwa sauti ya chini.

"Dada, samahani, hizo hereni umenunua wapi?"

Nilikuwa na boksi zima kwenye begi, chini ya vyeti. Nilimwambia asubiri kwanza aitwe, atoke, ndipo tufanye biashara, kwa sababu usaili wake una saa na hereni hazina. Alitoka akitabasamu, akachagua za kijani. Wenzake wakasogea. Nauli ya kurudi ilipatikana pale pale, na nikamwandikia namba yangu nyuma ya kikadi, kwa kuwa Singida, anasema, kina mama wa kwaya wanatafuta za sare, jozi 40, rangi ya zambarau. Nimemwambia nusu kwanza.