Faili ikipotea, mkopo wa shamba hukwama

Mkulima anayetaka mkopo wa mbegu na mbolea hupeleka hatimiliki benki. Benki nayo huuliza masjala ya ardhi: mwenye shamba ni nani, na je, limewekwa rehani kwingine? Jibu limo ndani ya faili. Faili isipoonekana, mvua haimngoji mtu.

Mnamo Mei 2014, aliyekuwa Waziri wa Ardhi nchini Kenya, Bi Charity Ngilu, alifunga masjala ya Ardhi House, Nairobi, kwa siku 10 ili mafaili yapangwe upya. Wizara ilisema maelfu ya mafaili yalipatikana yakiwa yamefichwa, mumo humo ofisini!

Aprili 27, 2021, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alizindua Ardhisasa, mfumo wa kuweka rekodi za ardhi kwenye kompyuta, ukianzia Nairobi.

Lakini kompyuta haisahihishi karatasi. Jina lililoandikwa vibaya hunakiliwa vivyo hivyo, na shamba ambalo lingali kwa jina la babu aliyefariki litaonekana kuwa la babu. Mkulima alinganishe hatimiliki na kitambulisho chake mapema. Kesi ya urithi huchukua muda mrefu mahakamani, na benki haitoi mkopo kwa marehemu.