Damu Haba na Mafigo

Mtu akiishiwa nguvu, macho yake yakawa meupe na pumzi zake fupi, sisi wa Majengo hapa Mpanda twasema mara: damu haimtoshi. Twampikia matembele, twampa maji ya choya, twamnunulia vidonge vya kuongeza damu. Hayo si mabaya. Lakini pengine hayatoshi.

Mzee mmoja, jirani yetu, alimeza vidonge hivyo miezi minne asione nafuu. Sisi wenyewe ndio tuliomwambia avumilie, nasi tulikosea. Miguu ilipovimba, tulimpeleka hospitali. Daktari hakumwongezea vidonge, bali alimwuliza: Je, waona damu chooni? Umeugua malaria? Watumia dawa gani? Akajibu ya kuwa mwaka mzima alimeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti. Ndipo akapimwa shinikizo la damu, mkojo na damu. Shinikizo lilikuwa juu. Hemoglobini ilikuwa gramu 8 katika desilita, nayo kwa mwanamume haifai kushuka chini ya 13. Mkojo ulikuwa na protini. Tena kreatinini, taka ichujwayo na mafigo, ilikuwa imezidi katika damu.

Mafigo yahusianaje na upungufu wa damu? Pamoja na kuchuja, mafigo hutoa homoni iendayo katika uboho wa mifupa, kuamuru chembe nyekundu zitengenezwe. Wataalamu wa Chicago walionyesha jambo hili mwaka 1957. Mafigo yakidhoofika, amri hiyo hupungua, na damu nayo. Wala chakula hakiwezi kushika mahali pake.

Walakini tusiyalaumu mafigo peke yake. Mgonjwa wa figo aweza pia kupungukiwa na madini ya chuma, au kuwa na safura. Kwa hiyo yote hupimwa. Na kipimo cha figo hurudiwa, maana ugonjwa hauitwi wa kudumu mpaka upite miezi 3.

Mzee aliacha diklofenaki, akapewa dawa ya shinikizo. Mafigo yake hayakurudia uzima wote, lakini hayajazidi kuharibika, naye huenda sokoni kwa miguu yake.

Basi, mwenye shinikizo la damu au kisukari, au amezaye dawa za maumivu kila siku, akipungukiwa na damu, aombe kupimwa mkojo na kreatinini. Tena achukue dawa zake zote, hata za miti shamba, akamwonyeshe daktari bila haya.